Upande wa Wanawake

Mkunga alikuwa amepokea watoto zaidi ya elfu mbili kwa mikono yake. Wengine walikuja kwa miguu, wengine kwa makalio, wengine wamejizungushia kitovu shingoni. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa taabu kama huyu wa kwake mwenyewe, aliyeketi mbele yake asubuhi ile katika ukumbi wa chakula wa hoteli, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mfamasia mwenye duka lake la dawa, akikoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Utakitoboa hicho kikombe," alimwambia. "Sema ulilonalo."

"Jana mtoni nimeona."

"Umeona nini?"

"Mama, usinifanye mtoto."

Basi kweli alikuwa ameona. Ilikuwa siku ya tatu ya safari. Mahujaji ishirini na wawili wa kanisa lao walikuwa wamekuja kuitembelea nchi ya manabii, na jana yake walipelekwa kwenye mto ule ambao Bwana alibatizwa. Waliteremka ngazi za mbao mmoja mmoja, wamevaa kanzu nyeupe, wakajimwagia maji kichwani. Mkunga aliteleza ngazi ya mwisho. Kabla hajawahi hata kupiga ukelele, mkono ulikuwa umemdaka, mkono mpana wenye kiganja kigumu kama kokoto. Ulikuwa mkono wa Fundi, mwashi mstaafu aliyeimba besi katika kwaya yao. Kumdaka mtu anayeanguka si dhambi. Tatizo ni kwamba walitoka majini, wakapanda ngazi zote, wakafika walipoviacha viatu vyao, na mkono ulikuwa bado haujaachwa. Na aliyesahau kuuachia hakuwa Fundi peke yake.

Jambo lenyewe lilikuwa na miezi miwili. Fundi alikwenda kwa Mkunga kuziba ufa wa ukuta wa jikoni. Kazi ya nusu siku; yeye akaifanya siku nne. Siku ya nne, akiwa amempa mgongo, mwiko mkononi, akauliza, "Mkunga, nyumba hii haikuelemei peke yako?"

"Unauliza nyumba au unamuuliza mwenye nyumba?"

"Ningekuwa nauliza nyumba ningeutazama ukuta," alisema Fundi, akageuka. Mke wake alikuwa amekufa, na huo ulikuwa mwaka wa saba. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na macho ya mtu anayepima jambo mara mbili kabla ya kukata.

Mkunga, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, alihisi masikio yake yanapata moto kama ya msichana. Akamwambia, "Nipe mpaka tufike safarini. Nikasali kwanza huko, ndipo nikujibu."

Sasa mwanawe alikuwa anajibu kwa niaba yake.

"Baba ana miaka mitatu tu kaburini."

"Mitatu na miezi minne. Wewe umekadiria, mimi nimehesabu."

"Na watu watasemaje?"

"Watu walisema nilipoolewa na baba yako, kwamba mwanamke anayekesha akizalisha wa wenzake hatatunza mume. Wakasema tulipokaa miaka minne bila mtoto. Nilipokuzaa wakasema una masikio makubwa. Hiyo ndiyo kazi ya watu, mwanangu."

Siku nyingine angecheka. Leo hakucheka. "Safari hii ilikuwa yenu wawili, wewe na Baba. Mliiota tangu mimi niko shule ya msingi. Mimi nimekuja badala yake ili tumwombee. Kumbe wewe umekuja kutafuta mume."

Neno hilo lilimwingia Mkunga mahali ambapo hakuwa na kinga. Mwanawe aliona limeingia wapi, lakini hakulirudisha.

"Chagua, Mama. Yeye akiingia ile nyumba, mimi siingii tena."

Akainuka, akaiacha chai. Mkunga alibaki akitazama mvuke wake. Meza ya pili alikuwepo Bibi Miwani, mjane mwenzake wa kwaya aliyelala naye chumba kimoja, ambaye kwa dakika kumi alikuwa anapaka siagi kipande kile kile cha mkate.

"Pole, mwenzangu."

"Umesikia?"

"Mimi nina miwani, masikio yalishachoka," alisema Bibi Miwani. "Lakini nimesikia."

*

Ndani ya basi Fundi alikuwa amemwekea nafasi dirishani. Mkunga alimpita, akaenda kukaa nyuma na Bibi Miwani. Mwanawe alikaa mbele, nyuma ya dereva, ametia vidude vya simu masikioni.

Basi liliwashusha kwenye lango la mji wa kale. Kutoka hapo walikwenda kwa miguu, wakifuata kichochoro cha mawe yaliyolainishwa na nyayo za watu hadi yanang'aa. Wenye maduka walikuwa wanafungua milango, wanatundika rozari, wanapanga mishumaa. Fundi aliongeza mwendo mpaka akawa begani pake.

"Umenipita kama mgonjwa mwenye homa ya kuambukiza."

"Fundi, usinichekeshe."

"Kuna nini?"

Alisema haraka, kama mtu anayevua bandeji. "Jibu langu ni hapana."

Mkunga aliyatazama mawe. Alijua kwamba akiinua macho atakuta uso ule, na hakuwa na nguvu za kuutazama.

"Ni jibu lako," aliuliza Fundi taratibu, "au la mtoto?"

"Ni la mama yake mtoto."

"Nimekusikia." Hakupandisha sauti, hakunung'unika. "Sitakusumbua. Sikuja kuvunja nyumba ya mtu, mimi kazi yangu ni kujenga. Lakini Mkunga, swali langu silifuti. Utalikuta pale pale ulipoliacha."

Akapunguza mwendo, akamwacha atangulie. Mkunga alihisi ubaridi kwenye bega lile ambalo Fundi alikuwa ametembea nalo sambamba, akashangaa jinsi hatua ishirini tu zinavyoweza kumzoesha mtu.

Kichochoro kiliishia kwenye uwanja mpana, na mbele ya uwanja ukasimama Ukuta. Mkunga alikuwa ameuona kwenye kalenda za kanisa, lakini kalenda haina pumzi. Mawe ya chini yalikuwa makubwa kuliko kitanda cha watu wawili. Juu, kwenye nyufa, vichaka vya kijani vilikuwa vimeota vikaning'inia. Watu walikuwa wamesimama chini yake wadogo wadogo, paji la uso kwenye jiwe.

Kiongozi wao, dada mwembamba mwenye kibendera cha njano, aliwakusanya. "Hapa Wayahudi wamesali vizazi kwa vizazi. Huu ni ukuta uliouzunguka uwanja wa Hekalu lao. Na sisi tunakaribishwa, ila kwa heshima. Wanaume kushoto, wanawake kulia. Wanaume mfunike vichwa, kofia zipo pale kwenye kisanduku. Na msipotee, nendeni wawili wawili."

Wanaume katika kundi walikuwa wanne tu. Mchungaji alimshika mkono mzee wa kanisa. Wakabaki wawili, Fundi na yule Mfamasia, mwana wa Mkunga. Walitazamana kama watu waliopewa chumba kimoja kwa makosa.

"Tangulia, mwanangu," alisema Fundi.

"Wewe ndiye mkubwa, mzee. Tangulia wewe."

Mwisho walikwenda sambamba, kila mmoja na kofia ndogo nyepesi kichwani. Kiambaza cha mbao kilichotenga pande mbili kikawameza.

*

Upande wa wanawake ulikuwa umejaa. Mkunga alisubiri mpaka nafasi ikapatikana, akaweka kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa laini, lina joto la mikono ya wengine. Kwenye ufa wa karibu vikaratasi vya dua vilikuwa vimesokotwa na kubanwa kama mbegu kwenye tikiti.

"Bwana," alianza, akakwama.

Kwa ajili ya mtu mwingine angeomba mpaka jua lizame. Miaka thelathini na minane alikuwa ameomba juu ya vitanda vya wanawake wa watu: huyu apate nguvu, huyu damu ikatike, huyu mtoto alie. Cha kwake alikuwa hajui kinaanzia wapi.

"Bwana, sijui kukuomba cha kwangu," alisema hatimaye, kwa kunong'ona. "Namtaka mwanangu. Na yule mtu pia namtaka. Kama ni uroho, nisamehe. Kama si uroho, basi fanya wewe, maana mimi nimeshindwa."

Alikuwa bado ameweka kiganja pale aliposikia kiti kinakwaruza. Bibi mmoja wa Kiyahudi, mdogo wa umbo, kitambaa cha buluu kichwani, alikuwa amekisogeza kiti cha plastiki hadi kwenye kiambaza na sasa anakipanda. Kiti kikayumba. Mkunga hakufikiri; mikono iliyozoea kazi ilikuwa imeshamshika yule bibi kiunoni.

"Utaanguka, bibi!"

Yule bibi hakuelewa lugha, ila alielewa mikono. Alimpigapiga Mkunga begani kumshukuru, akanyoosha kidole ng'ambo ya kiambaza, halafu akajiwekea kiganja kifuani: wangu. Akafungua vidole vyote kumi, mara tano, kisha vinne. Miaka hamsini na minne. Kisha akavuta kiti cha pili, akakipiga kwa kiganja: panda na wewe.

Mkunga alivua ndala, akapanda.

Mume wa bibi alikuwa karibu, mzee aliyejitanda shali nyeupe, ameketi, anayumbayumba katika sala, mkongojo wake umeegemezwa ukutani. Mke wake alimtazama kama mtu anayeangalia sufuria isije ikafurika. Mkunga alitabasamu. Halafu macho yake yakapita yule mzee, yakafika kwenye jiwe la pembeni, na tabasamu likamkauka.

Mwanawe alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Siku ya kumzika baba yake hakutoa chozi. Yeye ndiye aliyetafuta magari, aliyepanga viti, aliyesimama mlangoni kupokea wageni hadi wa mwisho. Watu walimsifu: huyo ndiye mwanamume. Mkunga hakumsifu. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba kinachotakiwa kutoka kisipotoka, hugeuka sumu humo humo ndani. Alisubiri chozi lile mwezi, mwaka, miaka mitatu. Sasa lilikuwa limekuja, na yeye yuko upande usioruhusiwa kuvuka.

Upepo ulipita uwanjani. Kofia ya mwanawe ikapeperuka, ikaangukia katikati ya miguu ya watu. Fundi, aliyekuwa umbali wa mkono mmoja, aliinama kuitafuta. Hakuiona. Akainuka, akatazama kulia na kushoto, akamtazama kijana aliye kichwa wazi mbele ya mahali patakatifu, hana habari ya kofia wala ya dunia. Ndipo Fundi akanyoosha mkono wake wa kulia, akauweka juu ya kichwa kile. Kiganja kilienea kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Akasimama hivyo, macho kwenye jiwe.

Na mwanawe hakuuondoa mkono ule.

Mkunga alikishika kiambaza kwa mikono yote miwili. Hakujua analia mpaka bibi yule alipomvuta kidogo nguo. Bibi alinyoosha kidole kwa kijana, akabembeleza hewa kama anayembembeleza mtoto mchanga: mwanao? Mkunga akaitikia kwa kichwa. Bibi akanyoosha kidole kwa yule mwanamume mpana, akaweka kiganja kifuani, akainua nyusi: na huyu, wako?

Kichwa cha Mkunga kiliitikia kabla hajakiuliza.

Bibi akafurahi, akafungua vidole: miaka mingapi? Mkunga alitazama mikono yake mwenyewe, akafumba ngumi. Hakuna. Bado. Bibi aliangalia ile ngumi, akamwangalia usoni, akaelewa, akaangua kicheko hadi viti vyote viwili vikatikisika na ikabidi washikane wasianguke.

*

Mwanawe alimkuta uwanjani, kwenye benchi la jiwe. Macho yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha.

"Mama, nina jambo."

"Kaa."

Alikaa. Akavuta pumzi kama anayejitosa majini. "Baba alikuja dukani kwangu ile Alhamisi. Akasema kifua kinamchoma. Nilikuwa na wateja sita kwenye foleni. Nikamwambia, Baba, ni kiungulia. Nikampa vidonge vya kutafuna. Hata sikumtazama vizuri. Akaniambia, ahsante, daktari wangu. Jumamosi akafa."

Mkunga alimwekea mkono gotini.

"Mimi ndiye niliyesomea dawa, Mama. Mtu yeyote wa mtaani angeniletea neno hilo, ningemwambia kimbia hospitali. Baba yangu nikampa vidonge. Halafu nikakuona jana unacheka na mtu, nikasema, haiwezekani tufunge huu ukurasa, mimi sijaungama."

"Haikuanza Alhamisi," alisema Mkunga.

"Nini?"

"Kifua. Kilianza wiki tatu kabla. Nilimwambia twende akapimwe, akasema amalize kwanza kupaka nyumba rangi. Akanisihi nisikwambie. Alisema, 'Mtoto atafunga duka aje kunibeba kama yai.' Na mimi nikanyamaza. Miaka yote ile hospitalini, nikanyamaza nyumbani kwangu."

Mwanawe alimgeukia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanichukia."

"Na mimi niliogopa hivyo hivyo."

Walitazamana. Miaka mitatu walikuwa wamekula pamoja kila Jumapili, kila mmoja akimficha mwenzake kaburi lile lile. Mkunga alimvuta, akamlaza kichwa begani, lijitu lote lile, mbele ya mahujaji wa dunia nzima.

"Tulimpenda wote wawili, tukakosea wote wawili," alimwambia. "Na yeye mwenyewe alikuwa mbishi. Usimsahau na yeye katika hesabu."

Kicheko kikamtoka mwanawe kikiwa na machozi ndani yake. Baada ya muda Mkunga aliuliza, "Fundi alikwambia nini pale?"

"Hakuniambia kitu. Nilikuwa naongea na Baba kwa sauti, nafikiri alisikia yote. Nilipomaliza akaniambia, 'Kofia yako imeanguka.' Basi." Alijifuta pua. "Mama, sijasema nimekubali."

"Sijakuuliza."

"Nipe muda."

"Muda nitakupa. Ila usiuchukue wote, mwanangu, na mimi nina matumizi nao."

*

Alasiri kiongozi aliwapeleka kwenye bustani ya mizeituni, pale Bwana alipoomba kikombe kimwepuke. Miti ilikuwa minene, imejikunja kama vikongwe wanaosikiliza. Kundi lilisogea mbele kumsikiliza Mchungaji akisoma. Fundi alibaki nyuma, akiutazama ukuta mdogo wa mawe uliozunguka bustani, akipitisha kidole kwenye viungo vyake. Mkunga akamfuata.

"Umejengwa vizuri?"

"Aliyeujenga alikuwa na subira," alisema Fundi bila kugeuka. Alikuwa ametimiza neno lake. Tangu asubuhi hakuwa amemsumbua hata kwa jicho.

"Fundi, lile jibu la asubuhi halikuwa langu."

Kidole kilisimama juu ya jiwe.

"Langu nimelitoa baadaye," aliendelea Mkunga, na masikio yake yalikuwa yanawaka tena. "Nililitoa juu ya kiti cha plastiki. Kuna bibi aliniuliza kama wewe ni wangu. Nikamwitikia. Nimesema kweli au nimemdanganya mtu mzima mahali patakatifu?"

Fundi aligeuka. Alimtazama, akamtazama tena, kama anayesoma maandishi aliyoyangoja mpaka macho yakachoka. Kisha akatafuta pa kukaa, akakaa chini kabisa, kwenye majani makavu, mkono kifuani.

"Mzee!"

Mwana wa Mkunga alikuja mbio kutoka kwenye kundi, akipita kati ya mizeituni, ameacha Neno la Mungu katikati ya mstari. Alipiga magoti, akamkamata Fundi kifundo cha mkono, vidole kwenye mshipa, uso umempauka.

"Kifua kinauma? Kinachoma? Kimeanza lini? Usinifiche, mzee, niambie ukweli."

"Hakiumi."

"Mkono wa kushoto? Taya?"

"Mwanangu, hakiumi," alisema Fundi, na sauti yake ya besi ilikuwa inatetemeka. "Kimejaa tu. Mama yako amekubali."

Kijana alimwinulia mama yake macho. Mkunga alisimama pale, mikono imefumbatana, akingoja, na katika maisha yake yote ya kungoja kilio cha kwanza cha watoto wa watu hakuwahi kungoja namna ile. Mwanawe alitazama chini tena. Vidole vyake vilikuwa bado kwenye mshipa, vinahesabu. Vilihesabu dakika nzima.

"Mapigo yanakwenda mbio," alisema mwishowe.

"Na wewe ungekuwa mimi, yako yasingekwenda mbio?" aliuliza Fundi.

"Tukirudi nyumbani, Jumatatu ya kwanza, unakwenda kupimwa moyo. Nitakupeleka mwenyewe. Nitafunga duka. Sitaki kubishana."

"Ndiyo, daktari."

"Mimi si daktari, ni mfamasia."

"Na mimi si baba yako," alisema Fundi. "Lakini kupimwa, nitapimwa."

Mwana wa Mkunga alimpa mkono wa pili, akamwinua kutoka ardhini.